Macho Makavu Yasiyopona: Je, Chakula Kinahusika? Mwongozo Kamili wa Kujipima Mwenyewe

Kuna wakati nilikuwa na hakika kwamba adui wa macho yangu ni maziwa. Kwa miaka miwili nilikuwa naamka na macho yanayokwaruza kana kwamba mtu amenimwagia mchanga usiku. Ikifika jioni yamekuwa mekundu, na chupa ya matone haikai mbali na mkono. Mtu akanishauri niache maziwa. Nikaacha, na ndani ya wiki tatu macho yakapoa. Basi nikageuka mhubiri: kila aliyelalamika macho mbele yangu nilimwambia aache maziwa.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa maneno machache, akaniuliza swali moja tu: "Hizo wiki tatu ulikuwa wapi?"

Nilikuwa likizo. Sikufungua kompyuta hata siku moja, sikulala mbele ya feni, na usiku nilikuwa nalala muda mrefu kuliko kawaida yangu. Kwa hiyo nilibadilisha mambo manne kwa mpigo, nikalisifu moja.

Mwongozo huu umetokana na swali lile. Chakula kinaweza kugusa ukavu wa macho, ila kwa njia chache zinazojulikana, na nyingi kati ya hizo si zile zinazopigiwa kelele. Kuhusu chakula ambacho mwili wako "haukipendi", kuacha peke yake hakukuambii kitu. Kinachokuambia ni kukirudisha. Twende hatua kwa hatua, lakini kwanza angalizo moja.

Dalili zisizosubiri majaribio

Hapa tunazungumzia macho yanayochoma, kukwaruza na kuchoka kwa miezi mingi. Ukiwa na maumivu makali, mwanga ukikuumiza, uwezo wa kuona ukishuka, usaha ukitoka, au jicho moja tu likiwa jekundu ghafla, nenda kwa daktari wa macho leo. Hali kadhalika ukiwa unavaa lenzi ndani ya jicho na jicho likaanza kuuma: vua lenzi, nenda. Mambo ya sahani yatasubiri.

Hatua ya 1: Jua ukavu wako ni wa aina gani

Machozi si maji matupu. Juu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kuna utando mwembamba mno wenye vitu vitatu. Kuna ute unaoyashikilia machozi yasiteleze, kuna maji yenye chumvi na protini, na juu kabisa kuna mafuta yanayozuia maji yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi za Meibom, zilizopewa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Zimejipanga mstari ndani ya kope: kati ya 25 na 40 kope ya juu, 20 hadi 30 kope ya chini.

Ukavu basi huingia kwa milango miwili. Ama maji ni machache, ama maji yapo lakini yanakauka upesi kwa sababu mafuta ni kidogo au yameganda. Mlango wa pili ndio unaopitiwa na wengi, na si ajabu mtu kuwa na yote miwili. Ndiyo sababu unaweza kuwa unatokwa na machozi hadharani halafu daktari akakuambia macho yako ni makavu. Jicho lililokauka hulalamika, tezi kubwa ya machozi ikamwaga maji ya dharura, nayo yakatiririka shavuni bila kukaa jichoni.

Haya yana uhusiano gani na chakula? Ni kwamba kila kitu unachokula au kunywa, kama kina athari, kina mlango wake. Upungufu wa vitamini A hugusa ute. Pombe na kiu hugusa maji. Ugonjwa wa ngozi uitwao rozasea, ambao kwa baadhi ya watu huchochewa na vinywaji moto na viungo vikali, hugusa tezi za mafuta. Usipojua mlango wako utalinda dirisha.

Kwa hiyo onana na daktari wa macho mara moja kabla ya kuanza chochote, na uondoke na namba. Kipimo cha Schirmer ni karatasi nyembamba inayowekwa ndani ya kope ya chini kwa dakika 5. Ikilowa milimita 10 au zaidi ni kawaida, ikilowa chini ya milimita 5 maji ni machache. Kipimo cha pili ni rangi ya fluoresini: daktari anaidondosha kidogo, anakuambia usipepese, anahesabu sekunde hadi utando wa machozi utoboke. Chini ya sekunde 10 ni dalili ya machozi yasiyotulia. Mwambie pia abonyeze ukingo wa kope zako na akueleze anachokiona. Mafuta mazuri hutoka maangavu, mepesi kama mafuta ya kula, ilhali mabaya hutoka meupe na mazito kama dawa ya meno inayokamuliwa kwenye tyubu. Mimi yangu yalikuwa ya aina hiyo ya pili, na kama ningelijua hilo mapema nisingeyasingizia maziwa.

Hatua ya 2: Chunguza dawa, feni na skrini kabla ya kushtaki sahani

Hatua hii wengi huiruka kwa sababu haina mvuto, nayo ndiyo inayomaliza tatizo la watu wengi kabla hawajafika kwenye chakula.

Anza na dawa. Dawa za aleji, hasa zile za zamani zinazoleta usingizi, hukausha macho na kinywa. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo hufanya hivyohivyo, na isotretinoini, dawa ya chunusi sugu, huzidhoofisha tezi za mafuta za kope. Kuna mzunguko mmoja wa kuchekesha kama si wa kusikitisha: mtu anaamini ana aleji ya chakula fulani, anameza dawa ya aleji kila siku, dawa inamkausha macho, naye anahesabu ukavu huo kuwa ushahidi zaidi wa aleji ya chakula. Usiache dawa uliyoandikiwa bila kuzungumza na aliyekuandikia, lakini orodha ya kila unachomeza lazima iwe mezani.

Angalia na matone yenyewe. Chupa nyingi zina kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kloridi, ambacho kikitumika mara nyingi kwa siku huwasha uso wa jicho. Ukidondosha zaidi ya mara nne kwa siku, omba matone yasiyo na kihifadhi. Yale ya kuondoa wekundu yaache kabisa kama tiba ya ukavu: hubana mishipa ya damu, jicho linaonekana jeupe kwa saa chache, na ukizoea wekundu hurudi kwa kishindo.

Halafu skrini. Mtu aliyetulia hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika. Akikodolea kompyuta au simu idadi hiyo hushuka hata chini ya nusu, na nyingi ya zile zinazobaki ni za nusunusu, kope hazikutani. Kila upepesaji kamili ndio unaokamua mafuta na kuyatandaza jichoni. Ongeza feni au kiyoyozi kinachopuliza usoni, moshi wa sigara, usingizi mfupi, kukoma hedhi, kisukari kisichodhibitiwa. Hili la mwisho ndiyo kiungo kimoja cha lishe na macho kinachosahauliwa. Sukari inayokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya konea, jicho likapunguza kulilia ukavu wake lenyewe. Kama hujawahi kupima sukari ya damu, pima.

Kisha anza usafi wa kope. Kitambaa safi chenye joto la nyuzi 40 hivi, ambalo mkono unalivumilia bila shida, kwenye kope zilizofumbwa kwa dakika 10. Kitambaa hupoa ndani ya dakika mbili au tatu, kwa hiyo kuwa na maji moto karibu ya kukichovya tena. Baada ya hapo sukuma taratibu kwa kidole: kope ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu. Fanya kila siku kwa wiki nne kabla ya kugusa chakula, na usiache utakapoanza jaribio. Ukianza kukanda kope na kuacha ngano siku hiyohiyo, umerudia kosa langu.

Hatua ya 3: Tenganisha aleji, kutovumilia na ugonjwa wa seliaki

Watu husema "chakula hiki kinanikataa" wakimaanisha mambo matatu tofauti kabisa, na kila moja lina uhusiano wake na jicho.

Aleji ya kweli ni kinga ya mwili kushambulia protini ya chakula. Huja haraka, dakika chache hadi saa mbili hivi: vipele, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Macho yanaweza kuwasha na kuvimba katika shambulio hilo, lakini hilo si ukavu sugu wa kila siku. Mtu mwenye historia ya namna hii asijaribu kurudisha chakula hicho nyumbani hata kidogo. Hiyo ni kazi ya kliniki.

Kutovumilia ni jambo la tumbo zaidi. Mfano unaojulikana ni laktosi, sukari ya maziwa. Asiye na kimeng'enya cha laktesi cha kutosha hawezi kuivunja, sukari inashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na hapo ndipo gesi na kuhara. Takriban thuluthi mbili ya watu wazima duniani wana kimeng'enya hicho kwa uchache. Ukifuata njia hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho huoni mahali inapopanda kwenda kwenye tezi za kope. Ndiyo maana nilipaswa kushtuka mapema: nilikuwa na tumbo lisilopenda maziwa na macho makavu, nikayafunga kamba moja kwa kuwa yote yalikuwa yangu.

La tatu ni seliaki, na hapa usifanye mzaha. Ni ugonjwa wa kinga ambapo gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, husababisha mwili kuushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Humpata kama mtu 1 kati ya 100. Macho huguswa kwa njia mbili. Utumbo ulioharibika hushindwa kufyonza mafuta na vitamini zinazosafiri nayo, A na D zikiwemo. Pia mwenye ugonjwa mmoja wa kinga ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mwingine, na mmojawapo ni ugonjwa wa Sjögren, aliouandikia daktari wa macho wa Uswidi Henrik Sjögren mwaka 1933. Katika Sjögren kinga hushambulia tezi za machozi na za mate. Wagonjwa wengi mno ni wanawake. Kama macho makavu yanaandamana na kinywa kikavu kiasi cha kushindwa kumeza mkate bila maji, meno yanayooza ovyo, viungo vinavyouma na uchovu usioisha, omba kupimwa Sjögren, wala usianze na mchezo wa kuacha vyakula.

Na hili liandike kwa wino mwekundu: kama unashuku seliaki, usiache ngano kabla ya kipimo cha damu. Kipimo hutafuta kingamwili zinazotengenezwa kwa sababu gluteni ipo mwilini. Ukiiacha wiki kadhaa kisha ukapima, majibu yanaweza kuja safi huku ugonjwa upo. Kula kama kawaida, pima, ndipo uamue.

Vipo pia vipimo vya damu vinavyouzwa kama "vipimo vya kutovumilia chakula", vinavyohesabu kingamwili aina ya IgG na kukuletea orodha ndefu ya vyakula vilivyopakwa rangi nyekundu, njano na kijani. Vyama vya madaktari wa aleji vya Ulaya na Marekani vimevikataa kwa kazi hiyo. IgG dhidi ya chakula huonyesha tu kwamba umekuwa ukikila. Anayekula mayai kila asubuhi atapata mayai kwenye nyekundu, na atarudi nyumbani akiyaogopa mayai.

Kuhusu histamini, kemikali ileile inayoleta mwasho wa aleji: jibini iliyokomaa, divai nyekundu na vyakula vilivyochachushwa vina histamini nyingi, na wapo wanaopata joto la uso, mafua na macho kuwasha baada ya kuvila. Hakuna kipimo cha maabara cha kuaminika sana, hivyo daftari ndiyo njia. Lakini sikiliza jicho lenyewe linasema nini. Jicho linalowasha mpaka unalipikicha linaelekea kwenye aleji, na mara nyingi ni ya vumbi, chavua au manyoya ya wanyama. Jicho linalochoma na kukwaruza linaelekea kwenye ukavu.

Hatua ya 4: Kagua njia ambazo chakula hufika jichoni kweli

Vitamini A kwanza, kwa sababu hapa hakuna ubishi. Seli zinazotengeneza ute wa jicho haziishi bila hiyo. Ikipungua sana mtu huanza kushindwa kuona gizani, kisha weupe wa jicho hupoteza ung'avu na kukunjamana, mabaka kama povu hujitokeza pembeni mwa mboni, na mwisho konea huharibika. Mtu anayekula mlo mchanganyiko hawezi kufika huko kirahisi. Wanaofika ni watoto wenye utapiamlo, watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, wenye maradhi ya ini au ya utumbo, walevi wa kupindukia, na watu waliojinyima vyakula mpaka wakabaki na viwili vitatu. Hao wa mwisho wanatuhusu moja kwa moja: ukiacha maziwa, mayai, samaki na ngano kwa pamoja ukitafuta adui wa macho yako, unaweza kujitengenezea ukavu ambao hukuwa nao.

Lakini usikimbilie vidonge. Vitamini A ikizidi huumiza ini, na kwa mjamzito huharibu mtoto tumboni. Mayai, ini mara mojamoja, karoti, maboga na mboga za majani zenye kijani kizito, vikipata mafuta kidogo ya kuvisaidia kufyonzwa, vinatosha kwa mtu ambaye utumbo wake unafanya kazi. Mjamzito ini aliache, kwa kuwa limejaa vitamini A iliyo tayari.

Omega-3, aina ya mafuta yanayopatikana hasa kwenye samaki, ndiyo inayouzwa zaidi. Matumaini yalitoka mahali pa maana: mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 32,470 waliona kwamba waliokula zaidi samaki wenye mafuta hayo walikuwa na ukavu wa macho mara chache zaidi. Lakini anayekula samaki kila wiki hutofautiana na asiyekula kwa mengi mengine. Ikabidi lifanywe jaribio lenyewe, likaitwa DREAM, matokeo yakatolewa mwaka 2018. Watu 349 wenye macho makavu walipewa miligramu 3,000 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima, na wengine 186 wakapewa mafuta ya zeituni kwenye vidonge vya kufanana. Dalili zilipimwa kwa maswali yenye alama 0 hadi 100, ambapo juu ni vibaya. Kundi la omega-3 lilishuka alama 13.9. Kundi la mafuta ya zeituni likashuka 12.5. Tofauti hiyo haina maana kitakwimu.

Mimi hukaa sana na hiyo 12.5. Watu 186 walimeza kitu ambacho hakikutarajiwa kuwasaidia, na kwa wastani wakapata nafuu ambayo ungeisimulia kwa majirani. Hawakudanganya. Ukavu wa macho hupanda na kushuka wenyewe, na mtu huanza tiba siku zile mbaya kabisa, hivyo kinachofuata mara nyingi ni nafuu. Tumaini nalo lina nguvu yake. Sasa jiulize nafuu yangu ya maziwa ilikuwa kitu gani. Jaribio jingine kubwa la Marekani, VITAL, liliwapa maelfu ya watu gramu 1 ya omega-3 kwa siku kwa zaidi ya miaka mitano, na idadi ya waliopata ukavu wa macho haikupungua.

Kwa hiyo kula samaki wa mafuta kama sadini au salmoni mara mbili kwa wiki kwa ajili ya mwili mzima, wala usitegemee miujiza jichoni. Dozi kubwa za vidonge zimehusishwa na mapigo ya moyo kwenda kombo, basi mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za kuyeyusha damu amuulize daktari wake kwanza.

Pombe ina ushahidi wa karibu kabisa: watu waliokunywa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012 walikutwa na pombe ndani ya machozi yenyewe, machozi yakawa na chumvi zaidi na utando ukawahi kutoboka. Ukiamka na macho mabaya baada ya jioni ya kunywa, hapo huhitaji daftari. Maji ya kunywa ni muhimu ukiwa na kiu au umetoka jasho, lakini lita za ziada huishia kwenye mkojo. Kahawa, ambayo watu huiacha ya kwanza, haina kosa lililothibitishwa. Kafeini iliwahi kuonekana ikiongeza machozi kidogo. Kosa lake ni pale inapokuibia usingizi.

Na rozasea. Hapa ndipo mtu anayesema "chakula kinanipiga machoni" anaweza kuwa sahihi kabisa. Ni ugonjwa wa ngozi ya uso: joto na wekundu wa ghafla puani na mashavuni, vipele vidogo, na kwa wengi tezi za kope huathirika pia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo mtu huhisi tu uso unawaka, na ugonjwa hupita miaka bila jina. Pombe, pilipili na vinywaji vya moto ni vichochezi vinavyojulikana. Ukiona uso na macho vinawaka pamoja, mtajie daktari neno hilo.

Hatua ya 5: Andika wiki mbili bila kubadilisha kitu

Chukua daftari la kawaida. Mara tatu kwa siku, ukiamka, mchana na kabla ya kulala, toa alama kati ya 0 na 10 ya jinsi macho yanavyokusumbua. Ongeza idadi ya mara ulizodondosha matone, saa za skrini, saa za usingizi, feni au kiyoyozi, na ulichokula kwa maneno machache. Idadi ya matone naipenda kuliko alama, kwa sababu alama hufuata hisia ila mkono hauendi kwenye chupa bure.

Kila jioni fanya na hili: pepesa mara mbili, kisha kodoa macho kwa utulivu na uhesabu sekunde mpaka yaanze kuchoma. Mara tatu, chukua wastani. Halichukui nafasi ya kipimo cha daktari, lakini ni namba yako mwenyewe ya kulinganisha. Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi: "Alhamisi. 3, 5, 8. Matone 6. Skrini saa 9. Usingizi saa 5. Sekunde 4." Ukurasa wa Jumapili: "2, 2, 3. Matone 1. Skrini saa 1. Usingizi saa 8. Sekunde 9." Maziwa nilikunywa siku zote mbili. Baada ya wiki mbili za kurasa kama hizo, watu wengi hawahitaji kwenda hatua ya sita.

Hatua ya 6: Acha chakula kimoja, kwa wiki tatu

Kama daftari bado linakunyooshea chakula fulani, kichague hicho peke yake. Chagua wiki tatu za maisha ya kawaida: si likizo, si safari, si mwezi unaoanza dawa mpya. Soma maandishi ya kwenye pakiti, maana unga wa maziwa na ngano hujificha kwenye soseji, supu za unga na biskuti. Badilisha, usiondoe tu: anayeacha maziwa atafute kalsiamu kwingine. Mtoto, mjamzito, mwenye kisukari au aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima kula asifanye hivi bila mtaalamu wa lishe.

Wiki tatu zikiisha na namba hazijasogea, chakula hicho umekiachia huru. Kirudishe mezani.

Hatua ya 7: Kirudishe, mara mbili

Namba zikiwa zimeshuka, sasa ndiyo kazi yenyewe. Siku ya kwanza kula kiasi kidogo asubuhi, na kiasi cha kawaida jioni. Siku ya pili na ya tatu kula kama ulivyokuwa ukila zamani. Kisha acha tena siku nne huku ukiandika. Macho yakichafuka ndani ya siku hizo, subiri yatulie, halafu rudia jaribio zima tangu mwanzo. Mara moja inaweza kuwa bahati mbaya iliyoangukia siku ya vumbi.

Ukiweza, mpe mtu mwingine kazi ya kuficha. Mwenzangu wa nyumbani alinichanganyia uji kwa wiki mbili, siku nyingine kwa maziwa ya kawaida, siku nyingine kwa maziwa yasiyo na laktosi, akawa anaandika kwenye karatasi yake bila kunionyesha. Ladha ya yale yasiyo na laktosi ni tamu kidogo, kwa hiyo alitia sukari katika yote. Mwishoni tuliweka karatasi yake kando ya daftari langu. Tumbo langu lilikuwa limezitambua siku za maziwa ya kawaida zote isipokuwa moja. Macho hayakutambua hata moja. Siku mbaya za macho ziliangukia Jumanne na Alhamisi, na hizo ndizo siku nilizokuwa nakaa kwenye kompyuta hadi usiku, feni ikinipuliza upande wa kushoto. Nilipofungua kurasa za nyuma nikaona nimeandika mara kadhaa, bila kufikiri, "la kushoto zaidi."

Feni nikaihamishia chini ya meza.